Mkanda wa Njano

Gundi ya kuzibia mipira ya magari haiombi ruhusa kuingia puani. Jumamosi ile nilifungua mlango wa mdogo wangu Hamisi, nimebeba ndizi zangu, sina neno na mtu, na harufu ikanikaba koo kabla sijajibu salamu. Mezani palikuwa na bidoni ya plastiki iliyokatwa, vitambaa vyekundu, mkasi, na kopo la gundi limeachwa wazi. Hamisi alikuwa ameinama, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika, anabandika pembe kwenye kofia. Mwanawe Ilyasi, ambaye hajaacha vizuri kukojoa kitandani, alikuwa anamzunguka akipigana na maadui ambao mimi sikuwaona.

"Afadhali umefika, wifi," akasema Sakina, mke wa Hamisi, mikono kiunoni. "Muulize mdogo wako kama akili zake ziko sawa."

Kumbe kulikuwa na tamasha mjini. Vijana wanakodi ukumbi, wanavaa kama watu wa katuni za Kijapani, nywele za kijani, mapanga ya maboksi, wengine wamejipaka damu ya uongo mpaka shingoni. Wanapigana picha, wanashindana nani kavaa vizuri. Ilyasi alikuwa ameliona tangazo kwenye simu ya mama yake, na tangu hapo nyumba haikuwa na amani.

"Mutoto wa miaka mitano anaenda kutafuta nini kule?" Sakina akaniuliza. "We ni shangazi yake. Sema, inafaa ao haifai?"

"Ni mchezo tu, dada," Hamisi akasema, hakuinua hata uso.

Nikavuta kiti nikakaa. Mtu mwingine angemjibu Sakina habari za maadili, nguo fupi na watoto kuiga mambo ya Wazungu na Wajapani. Mimi hayo hayanishughulishi. Mimi ninalo jina la mtu, nimelibeba tangu nina meno ya utoto, na kila nikinusa gundi ile jina linanipanda mdomoni kama nyongo. Sauti.

Wenzangu mliokulia Buyenzi miaka ya vita mtanielewa. Mnakumbuka jinsi mtaa wetu ulivyonuka, mafuta machafu ya injini, mandazi, na vumbi la barabara zilizonyooka. Baba zetu walilala chini ya magari mchana kutwa, na sisi tulicheza na boliti na ringi za matairi. Shule ilikuwa inafunguliwa na kufungwa bila mtu kutuambia kwa nini. Risasi zilisikika ng'ambo ya mto Ntahangwa, na kila nyumba ilikuwa na desturi yake zikianza. Kwetu ilikuwa korido. Mama akisema "chini!" sote tulilala kifudifudi kwenye korido ile nyembamba, kuta mbili kila upande, vichwa vimeelekea jikoni, godoro limesimamishwa mlangoni. Mama alitandaza kanga juu yetu, kana kwamba kanga nayo ni ukuta. Tukapumua vumbi la sementi mpaka baba aseme basi.

Mahali pekee ambapo mtoto alisahau korido ni kwa Sauti. Alikuwa na chumba kirefu cha mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja iliyofungiwa kwenye sanduku lenye kufuli, na jenereta nyuma iliyokohoa kama mzee wa kifua. Kaseti zake zilikuja na maboti ya bandarini. Watu wazima waliangalia ngumi na mateke. Sisi watoto, baada ya chakula cha mchana, tuliangalia katuni ya Kijapani iliyotiwa Kifaransa, na kwa kuwa Kifaransa chetu kilikuwa cha bonjuru na mersi tu, Sauti alikaa kando ya televisheni na mikrofoni yake akatutafsiria. Ndiyo maana akaitwa Sauti. Jina alilopewa na mama yake sikuwahi kulijua.

Na alikuwa hodari, lazima niseme, ingawa kumsifu kunanichoma. Akilia, tulilia. Akicheka cheko la jini, wadogo walijificha chini ya benchi. Shujaa wetu tulimwita Mwekundu. Alivaa kofia nyekundu yenye pembe iliyofunika uso wote, na kiunoni mkanda mpana wa njano wenye ncha zinazopepea. Tulibishana kama ni mwanamume au mwanamke, maana hakuivua kofia hata kulala. Mimi nilisema mwanamke. Hamisi alisema Mwekundu ni Mwekundu, muache.

Kisha Sauti akabuni siku ya mavazi. Kila mwisho wa mwezi, mtoto aje amevaa kama Mwekundu. Mshindi hapewi pipi wala kaseti. Mshindi anapewa mikrofoni. Anakaa kwenye kigoda cha Sauti, na pale kwenye kipande kile tulichokipenda kuliko vyote, Mwekundu anaposimama darajani mbele ya watoto wadogo wanaomfuata, mshindi ndiye anamsemea. Maneno tuliyajua sote kwa moyo, kwa sababu Sauti alikuwa ameyarudia mara chungu nzima: "Nifuateni! Mwenye kofia yangu na mkanda wangu, risasi inamuogopa!" Ukumbi mzima ulipiga mabati kwa mikono. Hebu fikiria. Vita nje, na mtu mzima mwenye ndevu anawaambia watoto hivyo kwa mikrofoni.

Baba alimtengenezea Hamisi kofia kwa bidoni ya mafuta ya injini. Aliikata kwa msumeno wa chuma, akaipuliza rangi nyekundu iliyobaki kwenye gari la mteja, akabandika pembe kwa gundi ya mipira. Mama akakata gauni lake la zamani la njano akashona mkanda. Hamisi alikuwa na umri kama wa Ilyasi sasa. Aliivaa kofia chooni, aliivaa akila, ugali ukapitia tundu la mdomo. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga.

Asubuhi risasi zilipokuja karibu kuliko siku zote, mkanda ulikuwa kwenye kamba ya nguo, umefuliwa, haujakauka. Mama akasema "chini!" Tukalala. Nilikuwa nimemshika Hamisi kisigino, maana hiyo ilikuwa kazi yangu kama mkubwa. Akajivuta kidogo kidogo, nikadhani anatafuta mahali pa kupumulia. Nilipoinua kichwa alikuwa tayari amevaa kofia, amepenya kati ya godoro na mlango.

"Musiogope," akasema, sauti imekuwa nene ndani ya plastiki. "Mi niko na kofia."

Akatoka kusimama mbele ya mlango, amepanua mikono, ili risasi zituogope sisi sote.

Haikuchukua muda. Ilikuwa risasi ya kupotea, haikumtaka yeye wala mtu mwingine, ilipita ua wa mabati ikaingia pajani pake. Baba alimkimbiza hospitali kwenye mkokoteni wa kubebea injini, mimi na mama tunakimbia nyuma bila viatu. Kofia ilikuwa bado kichwani, haina hata mkwaruzo. Mama alipotaka kumvua alikataa, akasema maneno ambayo mpaka leo siwezi kuyasikia moyoni nikabaki mzima: "Mama, haikufanya kazi sababu nilisahau mkanda."

Mguu ulipona, lakini ulibaki mfupi kidogo, na nyonga ikapinda. Mtaani wakaanza kumwita Kigingi.

Watu waliniambia nimchukie aliyepiga risasi. Nimchukie nani? Risasi haikuwa na jina, ilitoka ng'ambo ya mto na aliyeipiga hakujua kama ilifika popote. Lakini Sauti alikuwa na jina, na nyumba, na mikrofoni, na jioni ile ile nilikwenda kwake, nguo yangu bado ina damu iliyokauka. Nilimkuta barazani na wenzake wanacheza karata. Nikamwambia mdogo wangu yuko hospitali. Nikamwambia alitoka nje kwa sababu yeye alisema risasi inaogopa kofia.

Sauti akaangalia karata zake. "Alivaa mkanda?" akauliza.

Nikasema apana, ulikuwa kwenye kamba.

"Sasa we unanilaumu nini? Mwekundu bila mkanda si Mwekundu. Kamwambie avae vyote siku nyingine."

Wenzake wakacheka. Hawakucheka sana, walicheka vile watu wanavyocheka wakiwa na karata nzuri mkononi. Na mimi, mjinga wa miaka kumi na kidogo, nilirudi hospitali na Hamisi akaniuliza Sauti amesema nini, nikamwambia. Nilidhani akisikia maneno yale atamchukia kama mimi. Alitikisa kichwa tu akasema, "Uliona? Nilijua."

Usiku ule niliapa kwa jina la Mungu kwamba yule mtu atanitambua. Sikutaka aombe radhi, kwanza nisingeipokea. Nilitaka aumbuke mbele ya watu walewale waliompigia mabati.

Nilikuwa na silaha moja tu na ilikuwa inapanga kwenye chumba chetu cha uani. Tulimwita Madamu, mama mmoja Mkristo aliyekuwa akifanya kazi ofisi ya serikali, mpole, mwenye miwani iliyofungwa waya. Nikamwambia nataka Kifaransa. Akauliza cha shule? Nikasema cha kusikia. Akafurahi, maskini, akadhani amepata mwanafunzi. Nilimtekea maji, yeye akaniwashia redio, ananisimamisha, "Amesema nini huyo?" Nikikosea narudia. Wenzangu wakicheza kamba mimi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo nanung'unika vitenzi. Mama alisema nimekuwa mtoto mzuri siku hizi. Sikuwa mzuri hata kidogo. Kila kitenzi nilikimeza kwa ajili ya Sauti.

Nikarudi kwenye ukumbi wake. Nilikaa benchi la mbele, upande wa spika, nikafumba macho ili nisidanganywe na picha, nikasikiliza chini ya sauti ya Sauti kama unavyosikiliza mtu anayeongea nyuma ya ukuta. Mwanzoni nilipata neno hapa, neno pale. Baadaye sentensi. Wee! Yule mtu alikuwa hatafsiri chochote. Mwekundu akisema "nina njaa", Sauti anasema "nitawamaliza wote." Mtu akiuliza njia ya sokoni, Sauti anatukana ukoo mzima. Kifaransa chake hakikuzidi chetu! Na siku nilipokielewa kile kipande cha darajani nilitoka nje nikakirudia peke yangu kando ya mtaro, kwa hasira na kwa furaha.

Siku ya mavazi iliyofuata nilimwomba Hamisi kofia yake. Hakutaka. Nikamwambia nataka kushinda kwa ajili yake. Akaniletea yote mawili, kofia na mkanda, na mkanda alinifunga mwenyewe, akavuta fundo kwa meno. "Apana sahau huu," akasema. Nikawaalika kina mama wa mtaa, nikasema kuna mtoto wao ataongea kwa mikrofoni. Madamu naye alikuja, akakaa nyuma na mkoba wake magotini.

Nani angenishinda? Wengine walivaa maboksi ya sabuni. Kofia ya baba yangu iling'aa kama gari jipya. Sauti mwenyewe alininyanyua mkono bila kujua ni nani yumo ndani ya plastiki ile, akaniketisha kwenye kigoda chake, akanipa mikrofoni. Ilikuwa na joto la mkono wake.

Mwekundu akafika darajani. Watoto wadogo wakamjia. Ukumbi ukashika pumzi, mikono iko tayari kupiga mabati. Nami nikamsemea, neno kwa neno.

"Musinifuate," nikasema. "Kofia hii haizuii kitu. Ninaivaa ili adui asione ninavyolia. Rudini kwenu, kwa mama zenu."

Mtoto mmoja akaanza kucheka, akanyamaza. Sauti akaruka. "We mutoto, sema vizuri! Lete hapa!" Nikaishika mikrofoni kwa mikono miwili.

"Madamu!" nikaita. "Nimekosea?"

Akasimama kule nyuma, akarekebisha miwani yake. Hakuwa mtu wa kelele. "Apana," akasema. "Ndivyo anavyosema. Rudini kwenu. Ndivyo kabisa."

Nikavua kofia. Sauti aliponiona uso, wake ulipoteza rangi. Nikaendelea, mikrofoni mdomoni: nikasema huyu hajui Kifaransa, ametudanganya siku zote, alisema risasi inaogopa kofia, na mdogo wangu Hamisi alitoka nje akasimama mlangoni. Na nilipokuja kumwambia, alicheka. Sauti alinyoosha mkono kuninyang'anya, na mama mmoja mnene, muuza mkaa, akapanda juu ya benchi. "Mguse uone!" akasema. "Mguse huyo mutoto uone cha mtema kuni!"

Kina mama hawakumpiga. Walifanya vibaya zaidi. Walipita mabenchi mmoja mmoja, kila mmoja akamshika mtoto wake mkono na kutoka, na kila aliyepita mbele ya Sauti alimtazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, taratibu. Kwenye skrini Mwekundu aliendelea kulia bila mtu wa kumsemea. Siku chache baadaye Sauti alipakia televisheni kwenye mkokoteni akaelekea bandarini, akavuka ziwa. Nilisimama kandoni mwa barabara nikimwangalia, nakula karanga. Zilikuwa tamu karanga zile, sijala nyingine kama hizo.

"Umeridhika?" mama aliniuliza. "Si yeye aliyepiga."

"Najua," nikasema. "Nimeridhika."

Na sitasema hapa kwamba baadaye nilimsamehe, maana hadithi za namna hii watu wanapenda ziishe hivyo. Sikumsamehe. Nimezeeka kidogo, nimekwenda hija ndogo, nimewasamehe watu walionidhulumu makubwa. Yeye apana. Kitu kimoja tu sikukiangalia vizuri siku ile. Nilipokuwa kwenye kigoda, nimewasha moto wangu, nilimtafuta Hamisi kwa macho. Alikuwa amekaa benchi la kati, mguu ameunyoosha, anatazama skrini bila kupepesa. Nikadhani anafurahi.

Basi hayo yote yalinipitia pale mezani, harufu ya gundi puani, Sakina anasubiri jibu langu.

"Niseme kweli?" nikamwambia. "Nguo hazina ubaya. Acha avae, acha apige kelele. Swali ni nani ameshika mikrofoni huko, na anawaambia nini."

"Mi nitakuwa naye," Hamisi akasema. "Sitamwacha hata kidogo." Akaiweka kofia pembeni ikauke. Kisha akaenda kabatini, akichechemea, akarudi na kitu amekikunja kwa uangalifu kwenye gazeti. Akakifungua. Ulikuwa mkanda, mpana, wa njano, mpya kabisa. Ameushona mwenyewe usiku, mshono juu ya mshono, ametia vifungo vya chuma vitatu mahali ambapo kimoja kingetosha. Kofia ilikuwa bado haina macho. Mkanda ulikuwa umekwisha, na kwa vumbi la lile gazeti, ulikuwa umekwisha siku nyingi.

Akapiga goti, akamfunga Ilyasi kiunoni, akavuta mpaka mtoto akaguna. "Unanisikia?" akamwambia, na sauti yake ilikuwa ya yule mtoto kwenye mkokoteni wa injini. "Ukisahau vyote, mkanda apana sahau."

Miaka yote ile nimejisifu! Nilimfukuza yule mtu mjini, nikamvukisha ziwa, na kumbe alikuwa hajaondoka. Alikuwa amekaa ndani ya kichwa cha mdogo wangu, na karata zake mkononi. Na aliyempeleka huko ni mimi, kwa mdomo wangu, kitandani pake hospitalini.

Nikachukua mkasi mezani. Nikamvuta Ilyasi kwangu, nikaingiza kidole kati ya tumbo lake na kitambaa, nikakata. Mishono ile ilikuwa migumu, ilibidi nikate mara kadhaa, huku mtoto analia na Sakina anasema "Wifi! Wifi, una nini?" Hamisi alibaki amepiga goti, mikono imeshika mahali ambapo mkanda ulikuwa.

"Ataenda," nikasema. "Ataenda bila huu, na mi nitaenda naye. Na we utakaa hapa umungoje."

Siku ya tamasha ilipofika tulikwenda. Palikuwa na kelele, nywele za kijani, msichana mmoja mwenye mabawa alimpa Ilyasi biskuti. Alipigana na jitu la maboksi akalishinda. Alianguka mara moja, akachubuka goti, akaamka.

Jioni Hamisi alikuwa amesimama mlangoni, nje kabisa, anatusubiri. Sijui alisimama pale tangu saa ngapi. Ilyasi akamkimbilia na kofia yake imekaa upande, mdomo umejaa sukari, na Hamisi akamshika, akaanza kumpapasa, kichwa, mabega, mbavu, mapaja yote mawili. Akamgeuza. Akampapasa tena.

"Mzima," nikamwambia. "Unaona? Mzima, na hakuvaa."

Akakaa chini palepale kizingitini, mguu wake mbaya ameunyoosha, akalia kwa sauti, mbele ya mwanawe na majirani.

Nami nilisimama juu yake, mkono wangu begani pake, nikamwambia Sauti kimoyomoyo: sasa ndiyo umeondoka.